Usiku wa Ijumaa

Haya niliambiwa na mama yangu, Hadia, nilipokuwa ndani ya arobaini ya kifungua mimba wangu. Yeye alikuwa na miaka kumi hivi yalipotokea, kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu.

Kila alasiri akitoka chuo cha Kurani, Hadia alipita kwa karani Mgoa, mtu wa Goa huko Bara Hindi, mwenye simu ya upepo isiyo na waya, pale Mkomani, Lamu. Baba yake, Athman, alikuwa mchochea makaa katika meli ya moshi, na habari zilifika kwamba meli ile imeungua karibu na Adeni.

Karani alisema mchana hasikii kitu. Adeni iko mbali, ng'ambo ya mstari wa katikati ya dunia, na jua likiwaka mawimbi ya simu hufifia njiani. Usiku ndipo hupanda juu sana, yakagonga tabaka la huko angani na kurudi chini, kama sauti inavyorudishwa na dari.

"Mwambie mama aje usiku wa Ijumaa," akasema. "Adeni watataja walio hai."

Basi Alhamisi jua likatua, usiku wa Ijumaa ukaingia, na baada ya isha mama na mwana wakaenda. Mlango una kufuli. Mwanamkisi, mamake Hadia, akarudi nyumbani, akavua vipuli vyake vya masikioni kama afanyavyo mjane. Jirani yao, Bi Ummu, akasema karani amekimbia kwa kuona haya kuwapa msiba. Kesho na wakae matanga.

Asubuhi Hadia akaomba kwenda kuuliza. Bi Ummu akamwambia mtoto haulizi yaliyokwisha kujulikana, lakini mamake akamruhusu.

"Bwana, mbona hukuwapo usiku wa Ijumaa?"

"Ijumaa si leo?" akashangaa karani. "Jana nilikwenda kwa rafiki yangu."

"Leo ni mchana wake. Usiku wake ulikuwa jana. Siku huanza magharibi."

Karani akacheka. "Kwetu huanza saa sita ya usiku."

"Watu wamelala? Nani huiona ikiingia?"

Karani akamwambia aje na mama jua likitua.

Wakaja, wakangoja. Kwanza ulikuwa mkwaruzo mtupu masikioni mwa karani, kisha Adeni ikasikika. Akaandika jina moja moja, halafu akasoma: "Athman wa Lamu. Mkono umeungua. Yu hai." Mwanamkisi akamwomba arudie, akarudia.

Nyumbani Mwanamkisi alimwita bintiye. "Mimi mtu mzima nilimzika babako kwa neno nisiloliuliza. Wewe, mwanangu, neno la mgeni liulize, hata kama wadhani umelielewa."

Bi Ummu akasema yeye moyo wake ulijua tangu mwanzo. Wakamcheka hadi Hadia akasinzia. Bi Ummu akaenda kwake kulala, na Mwanamkisi akazima taa, naye akalala.