Pipa la Bienaimé

— Vua koti basi, ukae.

— Sivue. Nilikuya kusema neno moja, kisha naenda kazi.

Mauwa, muuguzi wa hospitali kule Jette, ughaibuni, alikuwa amesimama katika chumba cha chini ya ardhi, kwenye nyumba ya mpenzi wake Bienaimé, Molenbeek. Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1997.

— Anaclet anakuya dimanche, kesho kutwa, kwa papa, na batonton, bajomba yake. Anakuya kuniomba nikuwe bibi yake.

Bienaimé alimpenda Mauwa mwaka wa tatu sasa, na miaka miwili alikuwa akimwambia angoje. Angoje nini? Pipa! Pipa dogo la mwaloni, limechomwa ndani mpaka mkaa, alimotia pombe ya nafaka nyeupe kama maji ili igeuke whisky. Papa Donatien, baba yake Mauwa, mtu wa Lubumbashi, aliwahi kumcheka mkwe wake wa kwanza kwa kuleta chupa ya dukani siku ya posa. Bienaimé akaapa ataleta ya mkono wake.

— Bado kidogo, chérie. Whisky ya maana inafanya douze ans.

— Miaka kumi na mbili ni ndani ya pipa kubwa! Hii yako iko sawa sufuria. Ulionja?

Bienaimé alipitisha kitambaa juu ya pipa.

— Tangu nilibatizwa mi sinywaka. Unajua.

Mauwa alifungua bomba la pipa, akakinga kiganja, akaonja, akatema.

— Yesu! Ni mbao tupu!

Pipa dogo huivisha haraka, na mwenye nalo huonja mara kwa mara asije akapitiliza. Mlokole wetu alikuwa akilipangusa vumbi tu.

— Bienaimé, niko na trente et un ans, nilisha kupita makumi tatu. Kesho ukikuya kwetu, sawa. Usipokuya, dimanche nitamuitikia Anaclet.

Akaondoka bila kuaga. Bienaimé alipanda ngazi mbio, akainua simu.

— Allô, papa Donatien? Ni Bienaimé. Naomba kukuya kesho na tonton yangu Sylvestre, juu ya Mauwa.

— Hum! Na ile whisky tunasikiaka kila siku?

— Iliharibika, papa.

— Leta vile vile.

Jumamosi, nyumbani kwake Berchem, papa Donatien alipiga funda moja la whisky ile, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mauwa aliinamisha kichwa kwa aibu.

— Nani alikuambia hii inanyweka?

— Hakuna, papa. Mi sikuonja ata siku moja.

— Deux ans! Miaka mbili na pipa ndani ya nyumba, na haukuonja?

— Hapana, papa.

Mzee aliweka glasi chini. Mlangoni alisimama Carine, dada mkubwa wa Mauwa, aliyerudi nyumbani na watoto wawili kwa sababu mumewe, yule wa chupa ya dukani, alikunywa mpaka kodi ya nyumba.

— Papa, alisema Carine, uyu usimuache aende.

Papa Donatien alivuta simu, akapiga namba polepole.

— Anaclet? Pardon, mutoto yangu. Kesho usijisumbue. Mauwa ameshapata bwana.