Mtafiti Aliyehamia Mwanza

Kila alipotoka shuleni, Aikande alipitia mwaloni Katonga, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua dagaa, kisha akarudi nyumbani Rusimbi kuwasha jiko. Jumatano moja alimkuta baba yake, Mzee Polycarp, amejiinamia barazani. Baba alikuwa mkuu wa kituo cha utafiti wa samaki. Ilikuwa miaka ya wakimbizi wa Burundi, na kituo kilikuwa kimeomba wafadhili fedha za kuchunguza kama ziwa lingeweza kuwalisha watu wote wale.

Mkaguzi wa fedha hizo angefika kesho yake. Sharti lilikuwa kwamba kituo kiwe na watafiti wawili wenye shahada, walioajiriwa na wanaofanya kazi pale pale. Wa kwanza alikuwa baba. Wa pili, jirani yao Rodgers, alikwishahamia Mwanza, lakini baba alimwandikisha hivyo hivyo. Akamwagiza Aikande kwamba akiulizwa, aseme Rodgers amesafiri tu.

Mkaguzi, Mama Skolastika, alikuja nyumbani kwa chakula cha mchana, akiwa ameambiwa na baba kwamba Rodgers, jirani yao, amesafiri. Aikande alimwamkia, akaanza kumnawisha mikono.

“Mwanangu, jirani yenu Rodgers anarudi lini?”

Aikande akaliweka birika chini. Alimtazama baba yake. Baba akakwepesha macho.

“Harudi, mama,” Aikande akasema kwa sauti ndogo. “Alihamia Mwanza na familia yake.”

Hakuna aliyegusa chakula. Hatimaye baba alikiri kosa, akasema mtafiti mwingine aliyebaki ni Gervasi, mkimbizi mwenye shahada aliyoipata Bujumbura, ambaye huingia ziwani kila alfajiri kupima maji.

“Ana kibali cha kazi na mkataba?”

“Anavyo. Nilidhani mkimbizi hahesabiki.”

“Sharti halimuulizi mtu alikozaliwa, Mzee. Linauliza ameajiriwa wapi na anafanya kazi gani.”

Alasiri hiyo Mama Skolastika alikwenda kituoni kumhoji Gervasi na kukagua kazi yake. Baba alipewa onyo kali, na jina la Rodgers likafutwa, la Gervasi likaandikwa mahali pake. Baada ya majuma ya wasiwasi, fedha zikatoka.

Siku ile baba alimwita Aikande, Gervasi akiwapo.

“Nilimhesabu asiyekuwepo, nikamwacha huyu anayelowa kila siku,” alisema. “Uongo wangu ungemnyima haki yake. Mwanangu, mtu asikutume kusema uongo, hata kama ni mimi, baba yako.”