Mivukuto Ukutani

Una kichwa kigumu wewe, mjukuu wangu. Nina nguo za kuanua, kiuno kinaniuma, nawe unaning'ang'ania nikusimulie habari za mivukuto kana kwamba baba yako hayupo pale uani akitusikia. Haya. Nasema mara moja, na usinikatize. Mimi sikusoma; nikipotea njiani sina ukurasa wa kurudia.

Ilianza kwa jambo dogo. Asubuhi moja nilikwenda kufagia kiwanda cha baba yako, nikaikuta ile mivukuto ya ngozi iliyotundikwa ukutani imenenepa. Ilikuwa imesinyaa miaka na miaka, kavu kama tumbo la mchoyo, maana baba yako alikuwa amekwisha kununua feni ya umeme ya kupulizia moto. Sasa ilikuwa imejaa, imetuna. Nikanusa ngozi mbichi.

"Mwanangu, nani ameijaza hii?"

"Unyevunyevu tu, mama."

"Unyevunyevu wa wapi, na mvua tumeisahau?"

Akacheka. Wateja walimwita Chumvi, kwa sababu hakuna habari iliyopita mdomoni mwake ikabaki kama ilivyokuja.

Mivukuto ile ilikuwa ya babu wa mume wangu, mhunzi wa huko shamba. Habari zake nilipewa na mama mkwe wangu, naye alipewa na mama mkwe wake, aliyekuwa mke wa mzee mwenyewe. Mzee hakuwa na wa kumpulizia moto. Siku moja, amekazana na jembe la mtu, mivukuto ikaanza kwenda yenyewe. Angekimbia, lakini chuma kilikuwa chekundu na mwenye jembe anasubiri. Akasema tu, "Karibu kazini, mwenzangu." Jioni akaigonga fuawe tupu, lile bonge la kufulia vyuma, pigo moja, akasema, "Kazi imekwisha, kapumzike." Basi. Asubuhi salamu, jioni ruhusa. Jini aliyekuwa ndani yake hakutaka kingine, na hakuna aliyedhurika katika nyumba hii.

Baba yako akaiona hadithi hiyo haina ladha. Jini wa kusalimiwa tu, nani atacheka? Akaipika upya. Akawa anawaambia wateja kwamba mzee alimwahidi jini ujira: pumzi kwa pumzi, wewe nipulizie moto, nami nitakupa pumzi ya mtoto wa nyumba yangu. Kila jini alipodai, mzee akamjibu, "Njoo kesho." Kesho ikawa kesho, jini akafanya kazi bure mpaka mzee akafa.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na alipokuwa akisimulia alikalia fuawe, matako juu ya chuma! Mume wangu angemkuta angemtoa kwa koleo. Ile ya kuigonga jioni alishaiacha zamani.

Siku ya mkasa wenyewe ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, wateja wamejaa kivulini mwa kiwanda wakingoja mageti yao. Wewe ulikuwa mdogo, unachezea vipande vya bati sakafuni. Baba yako akafika pale pake pa kuchekesha. "Jini akauliza, ujira wangu je? Mzee akamwambia..." na wote wakaitikia pamoja, "Njoo kesho!"

Mivukuto ikatoa pumzi.

Taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Kicheko kikakatika. Nawe ukakohoa.

Tangu hapo mivukuto ikawa inajaa na kupungua pale ukutani, na kifua chako kikaifuata: ikivuta, wewe unapungukiwa, ikishusha, unapata kidogo, na kila mara kile kidogo kilikuwa kidogo zaidi. Hospitali wakasema kifua ni safi. Nilikubeba mgongoni nikakupeleka mbali, nikadhani umbali utasaidia, lakini hata huko, penye kelele za magari na watu, nilikuwa nasikia ngozi kavu ikilalamika sikioni mwangu, na harufu ya chuma cha moto ikitoka kinywani mwako, wewe ambaye bado ulikuwa unanuka maziwa.

Nikakurudisha nyumbani, nikamleta mganga, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaitazama mivukuto, akamtazama baba yako.

"Nani aliahidi pumzi hapa?"

"Hakuna, mzee wangu. Ni hadithi tu."

"Uliisemea wapi?"

Baba yako akaitupia jicho fuawe.

"Juu ya fuawe," nikasema mimi. "Tena amekaa."

Mganga akavua miwani. "Neno la mwenye kiwanda juu ya fuawe ni chuma kilichokwisha kufuliwa. Babu yako hakuahidi kitu. Umeahidi wewe. Waite wote waliocheka, uwaambie ulidanganya."

Wakaitwa. Baba yako akasimama mbele yao, jasho linamtiririka, na bado, mwanangu huyo, akatafuta pa kuficha uso. "Jamani, ile hadithi... labda wazee walinisimulia vibaya..."

Mivukuto ikavuta kwa nguvu, ikavuta na haikushusha, ikatuna mpaka mishono ikalia, nawe mikononi mwangu ukapanua kinywa bila sauti, midomo ikageuka rangi ya majivu, na kutoka ndani ya ngozi ile, mbele ya watu wazima waliokuja na akili zao, ikatoka sauti ya upole kabisa:

"Kesho imefika."

Baba yako akapiga magoti. "Nilidanganya! Babu hakumshinda jini. Alimsalimia tu, na yeye akafanya kazi. Ahadi ni yangu. Mwache mtoto, chukua pumzi yangu."

Hilo ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akilisema bila kulitia chumvi.

Mganga akanipa nyundo. Nikaigonga fuawe tupu. "Kazi imekwisha, kapumzike." Mivukuto ikashuka, nawe ukalia, kilio kibaya kama cha mbuzi, na sijasikia kizuri kuliko hicho. Baba yako alikuwa amelala kifudifudi, akitafuta pumzi kama mtu aliyeiangusha sakafuni.

Hakufa. Aliachiwa ya kutembelea, na ya kusemea kauli moja tu kwa siku, halafu kifua kinafunga mpaka kesho yake. Kila asubuhi unamwona anakwenda kiwandani akishika ukuta, anasimama mbele ya ngozi ile, anasema, "Karibu kazini, mwenzangu." Ndiyo imekwisha hiyo pumzi ya siku nzima.

Kwa hiyo usinung'unike tena kwamba baba yako hakuiti jina lako.