Simu Iliyonuna

Jumamosi ile duka la simu hapa Gothenburg lilijaa kana kwamba simu zinagawiwa bure. Kila aliyeingia alichukua kijikaratasi chenye namba ya foleni, akasimama mbali na mwenzake, akatazama viatu vyake. Kwetu, kumsemesha usiyemjua kwenye foleni ni dalili ya ulevi.

Tuva hakuwa amelewa. Alikuwa na saluni ndogo, kofia ya sufu ya kijani, viatu vyekundu vya mbao vyenye makelele, na simu iliyopasuka kioo. Kijikaratasi kilimponyoka. Bwana mmoja mrefu, mwenye koti la mvua la manjano, akakikanyaga.

"Mguu," akasema Tuva.

"Samahani?"

"Umesimama juu ya zamu yangu."

Bwana akainua kiatu. Kijikaratasi kimekuwa uji. Akampa cha kwake.

"Na wewe je?"

"Nitaanza upya, nyuma."

"Basi nikimaliza nakungoja. Kahawa nalipa mimi. Ukikataa napiga kelele."

Bwana huyo, Halvar, fundi wa tramu, zile treni za barabarani, alikuwa hajawahi kutishiwa kelele na mwanamke mzuri kiasi kile. Hakukataa.

Baridi yote ile walipashana joto kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula samaki."

"Na nani?"

"Na viazi, Tuva."

"Viazi nawaruhusu. Wengine niambie kwanza."

Theluji ikayeyuka. Ijumaa moja mchana Tuva anamkausha nywele Bi Gunnel, mteja wake wa miaka mingi, Halvar akapiga.

"Kazini wananitaka niende Kiruna, kaskazini kabisa. Miaka mitatu. Jumatatu nitoe jibu."

"Na wewe unataka?"

"Sitaki kukusukuma. Fikiri kwanza, halafu uniandikie. Nibaki au niende."

"Halvar, swali kama hilo mtu huuliza akiwa amepiga goti."

"Goti langu linauma."

Alikuwa na hofu, maskini. Alitaka kuzuiwa, akaona aibu kuomba azuiwe.

Tuva akaweka simu mezani amalizie nywele. Simu nayo ikaona huo ndio wakati wa kujisasisha. Ikazima, ikawaka, imevaa rangi mpya kama bibi harusi. Tuva akaandika: "Baki, mjinga wangu." Akabonyeza tuma, akaitia mfukoni. Mistari ya mtandao ilisimama pale juu imejaa yote. Kumbe mapambo! Waifai haishiki, laini haishiki, hata anayepiga hapati kitu.

Halvar akangoja. Jumamosi akapiga, akaambiwa haipatikani. "Amenizimia," akawaza. Kutoka kwake hadi saluni ni safari fupi ya tramu, lakini kwetu hugongi mlango wa mtu bila kumwandikia kwanza, hata awe mchumba wako. Wangapi wamezeeka peke yao kwa adabu hiyo! Jumapili akateremka kufua nguo za safari.

Tuva naye alikuwa amejiapiza hataigusa simu mpaka ilie. Haikulia. Mchana huo, Tuva akiwa anafagia saluni, mlango ukagongwa. Ni Bi Gunnel, uso mwekundu kwa aibu ya kuja bila taarifa.

"Nimekupigia mpaka kidole kimekufa ganzi! Nikadhani umekufa. Nataka kubadilisha siku yangu."

Tuva akaitoa simu. Chini ya "Baki, mjinga wangu" palikuwa na kijisaa kidogo, kinangoja kuutuma tangu Ijumaa.

Akakimbilia dukani. Muuzaji akaitazama simu akiwa mbali, kama ina mafua.

"Ni lile sasisho, wengi wamelalamika. Utafuta mipangilio yote ya mtandao, uingize nywila upya. Au ununue mpya. Chukua namba ya foleni."

Foleni ilifika mlangoni.

"Sifuti, sinunui, na namba sichukui," akasema Tuva. "Nakwenda kwa miguu yangu."

Bi Gunnel, aliyemfuata kwa udaku tu, akashika kifua. "Bila kumwandikia?"

"Bila."

"Mungu wangu. Basi vaa viatu vya kimya."

Akaenda na vile vile vya mbao.

Mlango wa jengo letu, maana mimi ni jirani wa Halvar, hufunguliwa na mwenyeji akipigiwa simu, na simu ya Tuva ilikuwa jiwe. Akazunguka uani. Dirisha la chini, la chumba cha kufulia, lilikuwa na mwanga, na ndani Halvar anakunja mashati. Zamu ya mtu ya kufua hapa huheshimiwa kuliko ibada. Tuva akainama, akagonga kioo. Mashine zinanguruma, mtu hasikii. Akasimama katikati ya ua, akajaza mapafu.

"Halvar! Baki!"

Mapazia yakasogea. Langu lilitangulia.

"Kuna nini huko?" sauti ikatoka ghorofa ya tatu.

"Namwambia mtu asiende Kiruna!"

"Basi piga kelele zaidi! Mashine zinazunguka!"

Tuva akavua kiatu, akalitwanga dirisha. Halvar akatoka mbio, soksi mbichi mkononi.

"Tuva? Si umenizimia simu?"

"Sijazima! Imenuna yenyewe. Soma."

Akasoma. Masikio yakaiva. "Tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa. Na miguu yako nayo ilifanyiwa sasisho?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Nisumbue! Gonga mlango! Nikikufukuza, utajua nimekufukuza."

"Nimeshaanza kufunga mizigo."

"Ifungue."

"Mkubwa wangu atanuna."

"Anune, simu yangu imenuna na bado naishi. Nimepiga kelele kwenye ua wa watu siku ya Jumapili, Halvar. Sina aibu tena ya kunitisha."

Halvar akatazama madirisha yote yanayomtazama. Taratibu, akipumua kama tramu inayofunga breki, akashuka kwenye saruji yenye maji.

"Goti linauma?"

"Sana."

"Vizuri. Sasa uliza."

"Nibaki?"

"Siyo hilo!"

"Nikuoe?"

"Nioe. Inuka, wasije wakapiga picha."

Ghorofa ya tatu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kifuniko cha sufuria.

Kiruna wakatafuta fundi mwingine. Jina la Tuva likabandikwa chini ya la Halvar mlangoni, na chini yake kikaratasi: "Gonga tu." Jengo zima bado wanaogopa, isipokuwa mimi, na huwa nakwenda wakati wa maandazi ya mdalasini.

Nilikuwepo Tuva alipokubali hatimaye kufuta ile mipangilio. Tukiwa mezani, simu ya Halvar ikalia: ule ujumbe wa Ijumaa ile umefika. Akaisoma, akampitishia mkewe siagi.

"Nimebaki," akasema.

Simu ya Tuva nayo ikawaka. Sasisho jipya liko tayari, isakinishe sasa au baadaye? Akalamba sukari kidoleni, akabonyeza "baadaye". Kesho yake iliuliza tena, na kesho kutwa. Mpaka leo inamuuliza, na mpaka leo anaibonyeza vivyo hivyo.