Kitabu cha Maliro Kitafika Butembo kwa Bei Gani?

Kaswera aliuza maharagi katika soko la Butembo. Kila asubuhi alitandika gunia, akamwaga maharagi, akayachagua kwa vidole. Mabovu huku, mazuri huku.

Watu wote wa soko walimjua kwa jambo moja. Kaswera hakununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata chumvi. Ukimtajia bei, alicheka kidogo, akataja nusu yake, kisha akaondoka polepole. Hatua tano, hatua sita. Kwa kawaida muuzaji alimwita kabla ya hatua ya saba.

"Mama, rudi basi, tusikilizane."

Ulikuwa mwaka 2002, wakati wa vita. Kaswera hakuwa mtu wa Butembo. Nyumba yake ilikuwa Mulekera, kule Beni, kwenye joto na kakao. Mume wake Maliro alifia kule mwaka 1999. Aliuawa na malaria. Dawa ya malaria inajulikana, lakini askari walikuwa wamepora kituo cha afya, wakabeba dawa, wakabeba hata vitanda. Mwaka 2001 walikuja askari wengine, wakachoma nyumba. Hawa na wale, wote walisema wamekuja kukomboa watu.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na picha tano za Maliro. Zote ziliungua.

Sasa Kaswera aliishi Butembo kwa binti yake, Tamar. Tamar alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Abigaïl, wa miaka mitatu. Mtoto huyu alizaliwa baada ya babu yake kufa.

Jioni moja walikuwa wanakula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Abigaïl akamuuliza bibi yake kuhusu babu:

"Mukaka, sokulu alikuwa na sura gani?"

"Sokulu yako?" Kaswera aliweka tonge chini. "Sokulu yako alikuwa mutu murefu. Alikuwa na ndevu kidogo. Macho yake..."

Akasimama kama mtu anayekwenda kuchota maji, akatoka nje. Tamar alimfuata. Alimkuta amesimama nyuma ya jiko, mikono mitupu.

"Tamar, sura ya baba yako iko napotea," alisema Kaswera. "Sauti, minaisikia. Kikohozi chake, minakisikia. Lakini sura, nikiitafuta inakimbia. Hata picha moya hatuna. Huyu mutoto atamujua namna gani?"

Tamar alimshika bega. Kulikuwa na habari aliyoificha tangu Jumapili, kwa sababu hakujua kama wataiweza.

"Mama, picha moya iko," alisema. "Iko ndani ya kitabu."

Kaswera alielewa mara moja. Hakuwa amesahau. Mwaka 1974, kabla ya kushuka Beni, yeye na Maliro walikuwa wakilima kwenye milima ya Lubero. Mtafiti mmoja alitoka Ulaya, akakaa kwao wiki tatu. Alilala kwenye kitanda chao, wenyewe wakalala chini. Alikula kuku wao watatu. Kila siku alimuuliza Maliro juu ya mbegu, udongo na mvua. Maliro alijibu kwa Kinande, lugha yao, mtafiti akaandika. Siku ya mwisho alipiga picha mbele ya nyumba. Akasema, "Kitabu kikitoka, nitawaletea."

Kitabu kilitoka mwaka 1979. Kilisomwa huko Ulaya. Watu walipata vyeo kwa maneno ya Maliro. Kwa Maliro mwenyewe hakikufika hata karatasi moja.

"Padri wa parokia alikiona kule Ulaya," alisema Tamar. "Picha ya baba inajaza ukurasa muzima. Anasema tunaweza kukitafuta kwa Internet."

"Na kile kitu kinauzisha bitabu?"

"Watu njo banauzisha, mama. Banaonyesha bei pale ndani."

"Kama iko bei, twende," alisema Kaswera.

Kesho yake walikwenda kwenye siber, duka la kompyuta karibu na barabara kubwa. Nje jenereta ililia. Ndani alikuwa Sophie, mwanamke aliyefanya kazi pale. Sophie alimpa Kaswera kiti, akaandika jina la mtafiti na maneno mawili ya kichwa cha kitabu. Wakangoja. Mwishowe maandishi yakatokea kwenye kioo.

"Iko bauzaji batatu," alisema Sophie. "Mumoja wa Lille, kule Ufaransa, anasema dola tisa. Wa Liège, kule Ubelgiji, anasema dola makumi mbili na mbili. Wa tatu iko Bruxelles. Yeye anasema makumi tatu na tano."

"Kitabu ni kimoya?"

"Tutaangalia vizuri. Huyu wa Liège anaandika kwamba picha ziko zote. Kona moya tu ya jalada ilikunjika."

Kaswera alicheka kidogo.

"Ilikunjika? Mwambie dola kumi."

"Mama Kaswera, hapa hatupiganie bei namna ile. Kile anaandika njo bei. Kama unakipenda, unamwambia akuwekee. Kama hapana, mwengine atakibeba."

"Binti yangu, mimi niko na miaka makumi mbili sokoni. Muuzaji mwenye kitu cha kukunjika, haringe. Mwandikie dola kumi."

Sophie aliandika, kwa sababu Kaswera alikuwa mtu mzima na alikuwa amekaa kama jiwe. Kisha Kaswera alisimama. Akaelekea mlangoni polepole. Hatua tano, hatua sita. Pale mlangoni alisimama kidogo, akaangalia kompyuta.

"Hatakuita, mama," alisema Sophie kwa upole. "Hakuone ukitoka."

"Ataniita kesho," alisema Kaswera.

Kesho yake walirudi. Sophie alikuwa hana furaha usoni.

"Alijibu?" aliuliza Kaswera.

"Alijibu. Anasema pardon. Mutu mwengine alikinunua jana jioni, kwa bei yake yote."

Kaswera alikaa. Alishika ncha ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua. Kwa miaka ishirini njia yake ya kununua ilikuwa imelisha nyumba. Leo njia ile ile ilikuwa imemuuza Maliro kwa mtu wa mbali asiyemjua.

"Nilimuacha aende," alisema. "Nilimuacha kwa sababu ya dola kumi na mbili."

"Mama, hapana," alisema Tamar. Naye alikuwa karibu kulia, ndiyo sababu aliharakisha. "Sophie, ule wa dola tisa bado iko? Tununue ule. Sasa hivi, mbele mutu mwengine hajakibeba."

"Tungoje kidogo," alisema Sophie.

"Tungoje nini? Jana tulingoja."

"Jana mulingoja bei ishuke. Leo tunangoja tuone kile tunanunua. Ile bintu mbili hapana sawa. Vuta kiti, mwalimu. Na weye, mama, karibia, minataka uone na macho yako."

Kaswera alisogea. Alikuwa ameanza kujifunza kusoma katika darasa la watu wazima la parokia. Barua nzima hakuiweza bado, lakini namba alizijua vizuri.

Sophie aliweka kidole kwenye kioo. "Kila kitabu iko na namba yake. Inaandikwa ku mugongo. Soma ya huyu wa Lille."

Kaswera alisoma namba moja moja, taratibu, mpaka mwisho.

"Soma sasa ya Bruxelles."

Alisoma. Katikati alisimama.

"Hapana moya," alisema. "Huku kuko saba, huku kuko mbili."

"Ndiyo. Kichwa ni kimoya, jina la mwandishi ni moya, lakini kitabu si kile kile. Huyu wa Lille anauzisha cha mwaka 1996. Balikipunguza. Angalia kurasa: mia moya na makumi ine. Cha Bruxelles ni cha 1979, kurasa mia mbili na makumi sita. Zile zingine zilienda wapi?"

Tamar aliinama, akasoma maelezo ya muuzaji wa Lille kwa sauti ndogo. Akayasoma tena.

"Anaandika hapa," alisema. "Bila picha. Na maneno ya Kinande balitosha yote ndani."

Walimpunguza Maliro ili kitabu kiwe chepesi. Sura yake na lugha yake ndizo zilizotolewa kwanza.

"Tungeleta kitabu kisicho na yeye," alisema Tamar.

Kaswera alikuwa bado anaangalia namba. Lakini sasa aliangalia kama mtu aliye sokoni.

"Sophie, ile dola tisa ni bei ya wapi?"

"Namna gani, mama?"

"Mimi nikinunua sabuni Kasindi, ku mupaka wa Uganda, kuko bei ya Kasindi na kuko bei ya Butembo. Kati yao kuko camion ya kubeba, kuko kodi ya douane, na kuko vijana wenye bunduki ku kila barrière ya barabara. Mutu akiniambia bei ya Kasindi peke yake, bado hajaniambia kitu. Hii dola tisa ni bei ya kwao Lille, ao ni bei ya hapa?"

Sophie alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ile njo swali batu banasahau," alisema. "Bei ya posta inaandikwa chini, na maandishi madogo. Posta ya hapa ilikufa na vita, donc atatuma Kampala. Anaomba dola makumi tatu na moya."

"Tisa na makumi tatu na moya, ni makumi ine," alisema Kaswera mara moja. "Na Kampala hadi hapa, tutalipa tena. Na Bruxelles?"

"Yeye anaomba karibu vile vile kwa posta. Mais..." Sophie alifikiri. "Kamate, kaka yangu, anasomea kule Bruxelles. Anaweza kwenda ku ile duka na miguu yake."

"Na miguu hatulipe."

"Hatulipe. Tena atafungua kitabu, aone picha, mbele ya kutoa feza. Padri mwengine wa hapa iko kule, atarudi mwezi ujao kupitia Kampala. Atakibeba ndani ya sanduku."

Kaswera alihesabu kwa vidole, ingawa hesabu ilikuwa fupi.

"Wa dola tisa anafika na makumi ine na kitu juu," alisema. "Wa dola makumi tatu na tano anafika na makumi tatu na tano. Kumbe ule wa bei ndogo njo wa bei kubwa."

"Na hana picha," alisema Tamar.

"Na hana picha."

Sophie alimwandikia muuzaji wa Bruxelles. Aliuliza mambo matatu. Je, picha ya mkulima mbele ya nyumba yake iko, na ukurasa wake ni mzima? Je, kuna kurasa zilizopasuka? Je, anaweza kukiweka siku nne mpaka Kamate afike? Halafu aligeuka.

"Mama Kaswera, niandike juu ya bei?"

Kaswera aliweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

"Andika kwamba tunakubali," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba. "Bei ya kwanza. Na watu wa soko basisikie."

Jibu lilikuja kesho yake. Picha iko. Kurasa ni nzima. Atakiweka. Kamate alikwenda, akafungua, akaangalia, akalipa. Huku Butembo Tamar alimpa mama yao Kamate na Sophie zile dola thelathini na tano, namna watu wa Butembo wanavyotumiana fedha bila benki. Mama yake Kamate aliandika karatasi kwamba amezipokea, Tamar akaiweka.

Padri alichelewa wiki tatu. Barabara ya Kasindi ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Kwenye kizuizi kimoja askari alikishika kitabu, akakipekua, akauliza kina faida gani. Hakuona cha kuuza, akakirudisha.

Kilifika siku ya Jumamosi. Kaswera aliosha mikono kwa sabuni, akaifuta, akakaa mlangoni penye mwanga. Tamar alifungua ukurasa.

Maliro alikuwa pale. Kijana wa miaka ishirini na minane, jembe begani, macho yamefinywa kidogo na jua. Kaswera hakulia. Alimwangalia muda mrefu, kama mtu anayemkagua mume aliyerudi safari, kama amekonda.

"Ah," alisema polepole. "Macho njo haya."

Akamvuta Abigaïl mapajani. "Angalia sokulu yako. Musalimie."

Abigaïl alisalimia kitabu. Halafu akaweka kidole pembeni ya picha. Nyuma ya Maliro, karibu na mlango, alisimama mwanamke kijana mwenye ungo wa maharagi.

"Na huyu ni nani?"

Tamar alisoma maandishi yaliyo chini ya picha. Aliyasoma kwa Kifaransa, kisha akayaeleza, na sauti yake ikabadilika. "Banaandika: Maliro, mkulima, mbele ya nyumba yake."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, mama."

"Nilimupikia wiki tatu," alisema Kaswera. "Kila siku aliniita mama Tamar, na weye ulikuwa bado ku mugongo. Jina langu hakuuliza. Nipe bic."

Alishika kalamu namna walivyomfundisha darasani, kwa vidole vitatu. Pembeni ya Maliro, mahali peupe, aliandika herufi moja baada ya nyingine, kubwa, zikipanda kidogo upande wa kulia: KASWERA.

Tamar alishtuka. "Mama, umeandika ndani ya kitabu. Kitapunguka bei."

Kaswera alipuliza wino ukauke.

"Nani alikuambia nitakiuzisha?"