Kilo Kumi na Saba

Mnyororo wa baiskeli ya muuguzi ulikatikia mbele ya karakana yenye kelele kuliko zote mtaani, kati ya mashine ya kusaga na duka la redio. Akaikokota hadi ndani, akauliza fundi yuko wapi. Binti wa ovaroli ya bluu na kitambaa cha njano kichwani akainua uso wenye doa la grisi shavuni.

"Unaongea naye."

Muuguzi akaduwaa. Alikuwa amevaa koti pana lililoficha wembamba wake, na tangu siku hiyo hakulivua mbele ya binti huyo hata jua liwake vipi.

"Kila Jumanne napanda zahanati ya mlimani kupima watoto uzito na kuwachanja," alisema. "Nataka baiskeli itakayonifikisha juu nikiwa hai."

"Na kushuka?"

"Kushuka si kunajishukia?"

"Ndivyo wanavyosema wote, halafu wananiletea vipande. Sikiliza, dokta. Ya kupanda inataka wepesi, na shokapu ya mbele iwe ngumu, nguvu zako zisipotelee kwenye kunesanesa. Ya kushuka inataka shokapu laini imeze mawe, na tairi pana zing'ate ardhi. Ukipendelea upande mmoja, wa pili unakununia. Nitakutafutia katikati, ila shokapu hujazwa upepo kwa uzito wa mtu. Una kilo ngapi?"

Hapo mtu anayepima watoto arobaini kwa siku akatanua kifua.

"Sabini na tano."

Ukweli ulikuwa hamsini na nane. Dada yake nyumbani humwita Sindano.

Kazi ilichukua wiki mbili, na simu hazikuisha.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nafunga gia yako, laazizi. Ndogo kabisa, hata bibi yako atapandia mlima."

"Bibi kakuulizia."

"Kanijulia wapi?"

"Nimekusimulia mpaka kaniomba nipumzike."

Siku ya kukabidhiana, kwa kawaida fundi humkalisha mteja juu ya baiskeli, akamshika kiuno anyooke, akapima kwa rula shokapu imezama kiasi gani. Siku hiyo hakupima, na sababu aliijua mwenyewe.

Jumanne muuguzi alimpigia kutoka kileleni. "Imepanda kama mbuzi, mpenzi."

"Shuka polepole."

Hakumpigia tena. Saa tisa alasiri aliingia karakanani dada wa muuguzi, akiburura baiskeli, mkononi ameshika shati lenye damu.

"Mdogo wangu kavunjika mtulinga," alisema. "Anasema shokapu ilikataa kuzama, ikamrusha mawe ya kwanza tu. Vidole viwili juu zaidi, ingekuwa shingo. Umemtengenezea nini wewe?"

Spana ikamtoka fundi mkononi. Alipobaki peke yake aliikagua baiskeli mara tatu, akakuta upepo uleule, wa kilo sabini na tano. Kosa linaloonekana hurekebishwa. Hili hakuliona, na ndilo lililomtisha. Karakana aliachiwa na marehemu baba yake. Akazima simu, akashusha kibao cha mlangoni.

Muuguzi, kalazwa, alipiga siku kumi. Haipatikani. Akaamini dada kamwambia fundi jinsi alivyo bila koti. Iliuma kuliko mfupa.

"Fundi wako anauza vifaa," dada yake alimwambia siku aliyotoka hospitali. "Anasema mikono yake karibu iue mtu."

Muuguzi akapigwa na butwaa. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na urefu wa mteremko mmoja.

Alikwenda bila koti, mkono umefungwa kifuani, mizani ya kliniki kwapani. Fundi alikuwa akifunga spana kwenye gunia. Muuguzi akaweka mizani sakafuni, akapanda.

"Soma."

"Hamsini na nane," fundi alisoma. Akasoma tena.

"Na bandeji."

Fundi alikaa juu ya tairi. "Siku kumi naogopa kushika hata kijiko. Ungekufa, ningekuzika na hiyo sabini na tano yako, nikijua nimekuua mimi."

"Nisamehe. Nilidhani ukiniona nilivyo hutanitaka."

"Nilikuona tangu siku ya kwanza, kilo tu ndizo nilizokuamini. Wembamba wa reli, treni inapita. Koti lilikuwa linamficha nani?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Na mimi nina langu. Ningepima kwa rula siku ile, uongo wako ungeonekana palepale. Sikupima. Niliogopa nikikushika kiuno mikono itatetemeka, utajua."

Muuguzi nusura aanguke kutoka kwenye mizani.

Fundi akanyanyuka, akaifungua shokapu, upepo ukatoka kwa mlio mrefu. "Naweka ya kilo ngapi?"

"Sitini na mbili."

Fundi akamkazia macho. "Tumeanza tena?"

"Hapana. Ukikubali nikuoe, nitanenepa."

Fundi akaokota pampu.

"Sijui kupika," alisema.

"Basi weka hamsini na nane. Swali liko palepale."

Fundi akajaza upepo, akafuta mikono, akamkalisha taratibu juu ya baiskeli. Akamshika kiuno. Mikono ikatetemeka, na safari hii hakuificha. Kisha akainama, akapima.

"Sasa imezama sawasawa," alisema, macho bado kwenye rula. "Na jibu ni ndiyo."