Sauti Iliyofungiwa Kwenye Kompyuta

Kila asubuhi kabla ya kengele, Najat, kiranja wa chumba cha kompyuta katika shule moja ya Mabawa, alifagia, kisha akawasha kompyuta ya darasa la sita, mashine kongwe iliyostahili kupewa shikamoo. Siku hiyo taa iliwaka, lakini kioo kikabaki cheusi tii.

Jana, bila kumwambia mtu, alichomeka flashi aliyopewa kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo. Alichoshwa na maneno yaliyojitokeza kila siku kwenye kioo: "Nakala hii si halali." Kijana wa kibandani alimwambia programu ile ingeyanyamazisha. Kweli, yamenyamaza, na kompyuta nayo imenyamaza.

"Usiniambie imekufa," alisema rafiki yake Mwanasiti, amesimama mlangoni. "Bibi yangu yumo humo."

Ndani mlikuwa na hadithi za Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, ambazo wanafunzi walizirekodi kijijini Kigombe. Bibi yake Mwanasiti alisimulia tatu, akafariki mwezi uliofuata. Nakala nyingine haikuwepo.

Mwalimu Kristina aliingia. "Kuna nini?"

"Shikamoo, mwalimu. Umeme," Najat alisema, macho sakafuni. "Jana ulikatika."

"Basi diski yenye mafaili imeungua. Fundi yupo ofisini, ataing'oa aweke mpya."

Fundi akaja na bisibisi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili. Mwanasiti akageuza uso asione. Najat akaweka kiganja juu ya skrubu ya tatu.

"Mwalimu, si umeme," alisema. "Ni mimi. Niliingiza programu ya wizi."

"Kiranja mzima," alinong'ona Mwanasiti.

Mwalimu alimzuia fundi, akatoa flashi mkobani. "Kama ni hivyo, huenda diski ni nzima, kilichoharibika ni mfumo endeshi, programu inayoiendesha kompyuta. Tuiwashe kwa mfumo mwingine uliomo humu, Linux."

Mistari ikapita kiooni, polepole mno. Hatimaye mafaili yakatokea. Mwanasiti akabonyeza moja.

"Haya, hicho kidude kinanisikia, au naongea na ukuta?" iliuliza sauti ya marehemu.

Mwanasiti alicheka huku machozi yakimtoka.

"Na hiyo Linux ni ya wizi?" aliuliza Najat kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ni mfumo huria. Waliouandika wamempa kila mtu ruhusa ya kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kumnakilia jirani. Hata simu nyingi za wazazi wenu zina kiini chake. Wewe ulivunja mlango, ilhali wa pembeni yake uko wazi." Mwalimu akamkabidhi flashi. "Lakini ungeng'ang'ania umeme wako dakika tano zaidi, diski ingetupwa, na hasara angeipata Mwanasiti. Kosa lisemwe lingali linatengenezeka. Sasa utauweka mfumo huu kwenye kompyuta zote, na mwenzako akikuuliza umeweka nini, umwonyeshe."